Tabo Kubwa ya Lori la Bado Nipo

Jumatatu, tarehe 16 Juni

Nimetukanwa. Hadharani! Na siruhusiwi kukasirika, kwa sababu aliyenitukana ni mtani wangu.

Ilikuwa Chilangala, kwenye mkutano wa chama cha ushirika cha wakulima wa korosho. Tuliitwa wawili, mimi na Jafari wa Newala, kwa kuwa ni sisi tu tuliobaki kwenye tenda ya kusomba korosho msimu huu. Mwenyekiti wao, Mama Dorika, alisema hachagui mtu kwa maneno matamu. Alhamisi ya wiki ijayo kila mmoja atapakia salfa Masasi, mizigo sawasawa, aipandishe mlima mpaka Chilangala. Wakulima wanaisubiri wapulizie mikorosho kabla maua hayajaharibika. Lori litakalopanda vizuri ndilo litakalosomba korosho.

Nikasimama nikashukuru kwa niaba ya wote. Hapo Jafari akaomba nafasi. Akasema yeye haoni haja ya kujisumbua, maana lori la Zabroni linapanda mlima kama bibi harusi anayeingizwa ukumbini. Hatua moja, simama, inamisha uso, hatua nyingine. Akajitanda kitambaa kichwani akaonyesha na mwendo wenyewe! Watu hoi. Mama Dorika alijifuta machozi kwa ncha ya kanga.

Mimi Mmakua, yeye Mmakonde. Utani tumeukuta, wala hatukuulizwa kama tunautaka. Anayenuna ndiye aliyeshindwa. Kwa hiyo nilicheka mpaka taya zikauma. Ndani nilikuwa nachemka.

Kwani lake lina nini? Kaliandika USINISUBIRI nyuma, kwa herufi za kutisha, na tabo yake iko mahututi. Tabo ni yule konokono wa chuma anayeisukumia injini hewa ili ipate nguvu. Ya Jafari inavuja oili, lori linafuka moshi wa bluu, na kila kona ya mlima linapumzika. Langu, BADO NIPO, aliloniachia marehemu baba, halijalala njiani hata siku moja. Polepole, ndiyo. Lakini bibi harusi?

Ataona.

Jumanne, tarehe 17 Juni

Nimemweleza mke wangu, Julia. Alikuwa anasahihisha madaftari ya wanafunzi wake, hata uso hakuinua. Aliuliza kama lori la Jafari litafika Chilangala na mzigo. Nikasema halifiki. Akauliza kama letu litafika. Nikasema siku zote linafika. Basi, akasema, Baba Grace, usiguse kitu. Mpaka Alhamisi ya wiki ijayo kazi yako ni moja tu, kutofanya lolote.

Akaongeza neno. Tukiikosa tenda hii, lori linauzwa. Amechoka kununua matairi ya kitu kinachoshinda uani kama mgeni asiyeaga. Na mnunuzi yupo, ameshaulizia mara kadhaa. Jafari!

Sikupata usingizi wa mchana. Lori la baba! Baba alilipenda kuliko sisi, nasema kweli. Kila spea aliipaka msalaba mdogo wa rangi nyeupe, ili mwizi akiuona aone haya. Nife halafu nilione likipita hapa mtaani Mkomaindo na Jafari kwenye usukani? Thubutu!

Nimemwahidi Julia sitafanya lolote. Baada ya chai nikaenda gereji kwa Nikolao, kuangalia tu.

Nikolao ni fundi asiye na ubaya, ila anakubali kila kitu. Ukimwambia lori lako lina gurudumu la ziada ndani ya injini atasema eeh, bosi, nililiona. Nilimwambia nahitaji nguvu mlimani. Akasema eeh, unahitaji. Akatoa tabo mbili akaziweka mezani juu ya gazeti. Moja ndogo, ya kawaida, kama ile ya baba lakini mpya. Nyingine kubwa! Mdomo wake umemeza ngumi yangu pamoja na saa. Nilimuuliza ilitoka kwenye gari gani. Akasema kubwa.

Nimerudi nyumbani nimetulia sana. Julia ameniangalia mara mbili.

Jumatano, tarehe 18 Juni

Siku ya kuchagua. Sikutaka pupa, nimefanya kitaalamu.

Kwanza nilizipima kwa mizani ya korosho niliyoazima dukani. Kubwa ni nzito karibu mara mbili. Nikajiuliza, korosho kubwa iliyojaa inawekwa daraja gani? La kwanza. Na ile ndogo iliyosinyaa? La pili. Nani aliwahi kugombania daraja la pili? Tena angalia mashine ya kupulizia salfa. Yenye mdomo mwembamba inaishia matawi ya chini, yenye mdomo mpana inafikisha unga kileleni. Na mimi nakwenda wapi? Kileleni. Hesabu imekwisha.

Halafu nikazizungusha kwa kidole. Ndogo iliruka pale pale, ikazunguka, ikazunguka, kiherehere kitupu. Kubwa ilijigeuza mara moja ikatulia. Ina heshima zake. Nikolao akasema eeh, ina heshima.

Nani akatokea? Jafari, amekuja kutafuta oili. Akaniamkia, shikamoo bibi harusi! Mafundi wote wakaacha kazi. Akaitazama tabo kubwa, akasema hiyo utaiamsha saa ngapi? Mlimani lori linakwenda taratibu, injini haina mbio za kuliamsha dude kama hilo. Litaamka wewe umeshazikwa. Chukua kadogo, kanaamka na jogoo.

Nilifurahi sana kusikia hivyo. Maneno ya mtani unayageuza juu chini ndipo unapata ukweli. Amesema ndogo, basi ni kubwa! Anaogopa, huyo.

Nikolao hakutaka ahadi, nikamwachia pikipiki. Jioni Julia ameuliza pikipiki yake ya kwendea shule iko wapi. Nimemwambia iko gereji. Si uongo.

Alhamisi, tarehe 19 Juni

Tabo iligoma kuingia. Nikolao akasema eeh, kubwa zote hugoma mwanzoni. Akakata bomba la ekzosi, akachomelea kipande cha bomba la kisima, akaunga na mpira mnene, akakaza kwa vibanio vitatu na waya. Kichwa cha lori hakikufunga vizuri kikiteremshwa. Tukakikalia wote wawili, kikafunga.

Nikawasha. Moshi mweusi ukaifunika gereji, tukawa tunaongea bila kuonana. Nikamsikia Nikolao anasema ni nguvu hiyo inatoka.

Tabo ya zamani ya baba nimerudi nayo, nikaiweka barazani. Julia akauliza hicho ni nini. Jumamosi ni kumbukumbu ya marehemu baba, kwa hiyo nikamwambia nimetoa kitu chake kimoja ili watu wakione wamkumbuke. Akakigeuza kwa mguu. Akauliza lori linatembeaje bila hicho kitu. Nikasema lina kingine. Akarudi kwenye madaftari yake, akasahihisha mpaka wakati wa kulala.

Jumamosi, tarehe 21 Juni

Kumbukumbu imefana. Kasisi kasema vizuri, pilau imetosha, shangazi Ethel kalia kwa heshima. Yeye ndiye dada wa baba aliyebaki, na kwa umri wake sauti bado ni ya kengele.

Watani nao walikuja kutoka Newala, kama desturi. Jafari alivaa koti kuukuu, akakaa kwenye kigoda akamwigiza baba anavyoendesha, na kikohozi chake, na namna alivyokuwa akilibembeleza lori kwa Kimakua. Nakiri, alimpatia. Nilimwona baba kabisa. Nikamchukia Jafari zaidi.

Kisha akainuka, akaiona tabo pale barazani. Huyo! Akaidaka, akajitwika kichwani, akacheza nayo mpaka kwenye geti. Akatangaza kwamba hii ndiyo kofia ya marehemu, watani wameiteka, na mwenye mali akiitaka alete jogoo.

Hiyo ndiyo sheria. Mtani akiteka kitu msibani au kwenye kumbukumbu, unakikomboa kwa jogoo na hakuna kununa. Shangazi Ethel akasema komboa, mwanangu, ni mali ya baba yako. Julia alikwisha fika bandani, nilisikia kuku wanapiga kelele.

Lakini watu wote walikuwa wananitazama! Nikasimama, nikasema sikomboi chuma chakavu. Achukue akapandie vitunguu! Vicheko vikaangusha baraza. Hata Jafari alicheka, ila baadaye kidogo kuliko wenzake, na akaifuta tabo vumbi kwa mkono wa koti kabla ya kuipakia.

Kwa mara ya kwanza nimemshinda kwa maneno. Nalala na furaha.

Jumapili, tarehe 22 Juni

Baada ya ibada nimelijaribu lori kwenye lami, likiwa tupu, mpaka njia panda ya Chiwata.

Mwanzoni hakuna kitu. Nakanyaga, linawaza. Nakanyaga, linawaza. Kijana wa baiskeli alinipita akanisalimia. Mara, bila taarifa, tabo ikaamka! Firimbi! Kofia ikarukia nyuma ya kiti, mbuzi wakahama barabara, na nikapita kituo nilichotaka kusimama. Hiyo ndiyo tabo. Iacheni iamke tu.

Wakati wa kurudi moshi ulitua kwenye kamba za majirani. Ilikuwa zamu yao kufua kanzu za kwaya. Zilikuwa nyeupe. Mwalimu wa kwaya amekuja hapa jioni na kanzu mkononi, akanionyesha mbele, akanionyesha nyuma. Nimemwambia huenda ni ukungu wa Juni. Watu wengine hawapendi maendeleo.

Jumanne, tarehe 24 Juni

Nimegundua kasoro. Tabo inakoroma kama mtu mwenye mafua. Nikafuatilia na sikio mpaka kwenye chujio la hewa, lile bomba linalosimama nyuma ya kichwa cha lori. Kumbe dude kubwa linapumua kwa pua ndogo! Nimelitoa chujio lote. Sasa mdomo uko wazi na firimbi inasikika vizuri zaidi. Nikolao akasema eeh, hata mimi nikiwa na mafua hupumulia mdomo.

Habari nyingine nzuri. Jafari amepita barabara kuu leo na sikuona moshi wa bluu. Hata kidogo! Maana yake ni moja, amekata tamaa, analitembeza taratibu asiliue. Namhurumia kidogo. Nikishinda nitamwachia abebe mabibo.

Kesho napakia salfa. Mifuko ya juu itapangwa karibu na kichwa ili uzito uwe mbele. Nimefikiria kila kitu.

Alhamisi, tarehe 26 Juni

Sitaki kuandika.

Ijumaa, tarehe 27 Juni

Nimeoga mara nyingi na bado nanuka. Basi niandike, maana Julia hataki nikae chumbani na mikono mitupu.

Jana tuliondoka Masasi asubuhi, mimi mbele, Jafari nyuma. Shangazi Ethel aliomba lifti, ana rafiki yake wa zamani Newala. Nikamkubalia ili apatikane shahidi wa ukoo. Kwenye tambarare tabo iliamka, firimbi juu, Usinisubiri likapotea kwenye kioo. Shangazi akapiga makofi. Akasema baba yako angekuwepo! Sikuwahi kuwa na asubuhi nzuri kama ile.

Kisha mlima.

Gia ya tatu. Ya pili. Ya kwanza. Lori limebeba mzigo, injini inakwenda taratibu, na tabo ikalala. Ikalala fofofo! Nakanyaga mpaka mguu unatetemeka, hakuna firimbi, ni moshi tu, mweusi tii. Nikaibembeleza kwa Kimakua kama baba. Haielewi Kimakua.

Kwenye kona kali mfuko mmoja wa juu ukapasuka. Unga wa njano ukamwagika juu ya kichwa cha lori, ukakutana na bomba lile lililosimama nyuma, lililo wazi, lisilo na chujio. Likauvuta wote kama mtu anavyovuta uji.

Sasa sijui kama kuna mtu aliyewahi kuchoma salfa ndani ya injini ya dizeli. Macho yakawaka. Koo likafunga. Shangazi Ethel akanusa, akashika mkono wangu, akasema Zabroni, hiyo ni harufu ya Sodoma. Nikamwambia ni dawa ya mikorosho. Hakusikia. Akafumba macho akaanza kutubu kwa sauti. Alimaliza dhambi za kwake haraka. Akaingia za kwangu, tangu utotoni, moja baada ya nyingine, na nyingine nilikuwa sijui kwamba anazijua. Wanawake waliokuwa wakiteremka na kuni wakatua mizigo wakakimbia porini.

Kona iliyofuata hatukuifikia. Ndani ya tabo kukasikika mkwaruzo, kwaru kwaru, kisha kimya. Lori likabaki na pumzi ya kutosha kushikilia breki tu. Nikaweka mawe kwenye magurudumu, nikakaa juu ya jiwe moja.

Nikalisikia kabla ya kuliona. Lori linapanda bila haraka, halipumziki, mlio mmoja tu, laini. Nilijua kwamba nimewahi kuusikia mlio ule, lakini sikujua wapi. Usinisubiri! Likanipita, likasimama, likarudi nyuma polepole mpaka mbele yangu. Jafari akashuka. Akaniangalia, akaliangalia lori, akamwamkia shangazi, shikamoo mama. Akatoa mnyororo.

Hakucheka. Hilo ndilo lililoniuma. Siku zote hizi ananicheka kwa jambo dogo, na jana, nikiwa nimepakwa unga wa njano mpaka kope, hakusema hata neno. Afadhali angecheka!

Akanivuta. Mlima mzima, mizigo miwili, lori moja! Mimi nimeshika usukani, injini yangu inakohoa ili breki zipate upepo, na mbele ya uso wangu kutoka kona mpaka kona, USINISUBIRI. Shangazi aliyasoma maandishi hayo kwa sauti, akasema mbona tunamfuata, mwanangu?

Tukaingia Chilangala. Wakulima wakatupokea kwa shangwe, kisha wakaziba pua. Nilishuka haraka nikamweleza Mama Dorika kwamba mizigo yote imefika siku moja, kwa mwendo uleule, na kwamba mimi nimechelewa kwa urefu wa mnyororo tu, jambo ambalo si haki kulihesabu. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema kamati imeona. Lori linaloweza kupanda na mzigo wake likivuta na la jirani na mzigo wake, kamati itafute nini tena? Tenda ni ya Jafari. Wakapiga vigelegele.

Nikauliza, kwa upole, lori bovu lile limewezaje. Jafari akainua kichwa cha Usinisubiri. Akanyoosha kidole.

Msalaba mdogo. Wa rangi nyeupe. Juu ya tabo.

Malori yetu ni ndugu, yametoka kiwanda kimoja, na ile spea iliingia kwake bila kukatwa chochote. Ni tabo ya baba iliyonivuta. Nikaugusa ule msalaba kwa kidole. Nilitaka kulia, na ningelia, ila macho yalikuwa yameshatoka machozi yote kwa salfa.

Hapo ndipo Jafari akacheka. Akasema marehemu alikuwa na akili, alijua tu kwamba mwanawe atahitaji kuvutwa. Watu hoi.

Bado Nipo limerudishwa jana hiyo hiyo, kwa kuvutwa. Kuteremka ni rahisi.

Jumamosi, tarehe 28 Juni

Kuna matumaini! Mama Dorika alimpigia simu Julia, si mimi, sijui kwa nini. Korosho za msimu huu zitakuwa nyingi, lori moja halitoshi. Bado Nipo likipanda mpaka Chilangala kwa nguvu zake lenyewe kufikia Jumatatu, tutapewa nusu ya kazi. Na Jafari mwenyewe amesema tabo ya marehemu yuko tayari kuitoa leo, yeye ameshaagiza yake mpya, ile ndogo ya Nikolao. Desturi ni desturi, akataka jogoo tu.

Julia akamkamata jogoo mwenyewe, yule mwekundu. Akamfunga miguu, akamtia kwenye kikapu, akanipa kikapu mkononi. Akasema, Baba Grace, nakuomba. Mpe jogoo, chukua tabo, rudi. Usiongee. Usipochukua, Jumatatu namwita mnunuzi. Hakuwa na hasira. Macho yake yalikuwa mekundu, na hakubeba salfa yeye. Nikamshika bega, nikamwahidi.

Nilipanda basi la Newala. Njia nzima nilimshikilia jogoo kama mtoto.

Nyumbani kwa Jafari nilipokewa vizuri, sina la kusema. Mke wake, Mwanakombo, aliniletea maji na muhogo. Tabo ya baba ilikuwa barazani, imeoshwa, imefungwa kwenye kanga safi kama mtoto mchanga, msalaba unaonekana. Nilikuwa nimeshanyoosha mkono! Jogoo huku, tabo kule!

Jafari akatoka ndani, akapiga kigelegele cha harusini, akauliza, bibi harusi amekuja kuchukua vyombo vyake?

Mwanakombo akacheka. Watoto wakacheka. Jirani akacheka juu ya ukuta.

Nikacheka na mimi. Nikanywa maji. Nikamchukua jogoo wangu nikaaga. Jafari alinifuata mpaka barabarani, akasema Zabroni, ni utani, ndugu yangu, rudi uchukue. Akanishika mkono. Nikamwambia sijanuna, nani kanuna? Nina haraka tu.

Haki ya Mungu sikuwa na mpango wowote. Lakini karibu na stendi kuna mtu anauza vyuma, na juu ya rundo, peke yake, inang'aa kwa mafuta, nikaiona. Tabo! Ilitoka kwenye mtambo wa kuchonga barabara. Imepasuka kidogo ubavuni, kitu cha kuchomelea. Ile yangu mbele yake ni kifaranga. Mwenye vyuma alikuwa na wageni jioni na hakuwa na kitoweo.

Mungu hamwachi mja wake.

Jumapili, tarehe 29 Juni

Sikuenda ibadani, ninafanya kazi ya maana. Nimeelewa sasa kosa liko wapi. Tabo kubwa haikuwa mbaya, ilikosa tu wa kuiamsha! Sasa nina mbili. Moja inapulizia injini, ya pili inaipulizia ile inayopulizia. Nikolao amekuja, amezungukia lori, akasema eeh. Mabawa ya ndani ya tabo ile ya kwanza, yaliyoliwa na salfa, tumeyanyoosha kwa nyundo. Milango ya lori haifungi tena, lakini kwa mwendo ninaotarajia kesho upepo utaifunga.

Julia ameuliza jogoo yuko wapi. Nimemwambia yuko Newala. Si uongo. Akauliza na tabo ya baba. Nikasema nayo iko Newala, salama, imefungwa kwenye kanga. Akaangalia lile dude uani muda mrefu. Sikumsikia akigomba, hata kidogo. Nadhani ameanza kunielewa. Aliingia ndani akapiga simu.

Jioni amekuja nani? Jafari! Hakunitania, akaniamkia kwa jina langu, akaonekana mpole. Ameligongagonga bodi la Bado Nipo, amelala chini kuangalia chesisi, ametoa futi akapima urefu na upana. Akamuuliza Julia kama maandishi ya mbele yanafutika au itabidi apake rangi mpya. Sasa wapo barazani wanakunywa chai. Vikombe viwili, mimi wamenisahau, maana nina kazi.

Nimemwona akiitazama tabo yangu akitikisa kichwa.

Wivu, huyo!